Saa za Kwanza Baada ya Kukamatwa

Katika masomo yaliyotangulia tumezungumzia risiti, mikataba ya mikopo na usajili wa laini za simu. Somo hili linaendelea pale ambapo mambo hayo matatu huishia vibaya, yaani mlangoni mwa kituo cha polisi.

Tuchukue mifano mitatu. Kijana wa Nyasho, mjini Musoma, hununua simu iliyotumika kwa bei nafuu bila risiti. Baada ya miezi michache simu ile hufuatiliwa kwa namba yake tambulishi, naye hukutwa nayo mkononi. Mama wa Bunda, aliyewahi kuweka alama ya kidole kwa mtu aliyepita mtaani akigawa laini za bure, huambiwa kwamba laini yenye jina lake imetumika kuwatapeli watu. Mkulima wa Butiama aliyechelewa kurejesha mkopo hufuatwa nyumbani na watu wanaomtishia kumlaza mahabusu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukamatwa, wala aliyewahi kuwaza kwamba angekamatwa. Kwa hiyo hawajui waseme nini, wanyamaze wapi, wala waombe karatasi ipi.

Tangu mwanzo tunapenda ieleweke kwamba hatumfundishi msomaji kushindana na askari. Polisi wamepewa na sheria mamlaka ya kukamata, na anayekaidi au kukimbia hujiongezea kosa jingine juu ya lile la kwanza. Hata aliyekamatwa kwa makosa huenda kituoni kwa utulivu. Lakini sheria ile ile inayompa askari mamlaka, yaani Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, imempa aliyekamatwa haki zake. Nyingi kati ya haki hizo ni za saa chache za mwanzo. Zikipita bila kudaiwa, kuzirudisha huwa kazi ya miezi.

Deni peke yake si jinai

Tuanze na mkulima wetu wa Butiama, kwa kuwa jambo lake ni fupi. Mtu aliyekopa kwa jina lake halisi, akasaini mkataba, kisha akashindwa kulipa kwa sababu mvua zimekosekana, hajatenda kosa la jinai. Amevunja mkataba, na mkopeshaji anayo haki ya kumfungulia shauri la madai au kushika dhamana ya mkopo kwa utaratibu wa sheria. Jinai huingia pale palipokuwa na udanganyifu, kwa mfano mtu aliyetumia kitambulisho cha mwingine au aliyeweka rehani shamba asilolimiliki.

Kwa hiyo, ukiitwa kituoni kwa ajili ya mkopo, uliza kwa adabu swali moja: "Ninatuhumiwa kwa kosa gani?" Jibu likiwa ni deni tu, eleza kwamba mkataba upo na kwamba uko tayari kujibu mahakamani kwa njia ya madai. Usikubali kusaini hati mpya ya kuongeza deni ukiwa kituoni, hata ikiitwa "makubaliano". Ni kweli kwamba mdaiwa anaweza kufungwa kama mfungwa wa madai, lakini hilo hufuata hukumu ya mahakama na maombi ya mshinda tuzo. Halifanywi na mkopeshaji wala na askari aliyeombwa msaada. Kumbuka pia kwamba wakopeshaji wanaofanya biashara hiyo chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 wanatakiwa kuwa na leseni. Mtishaji asiyeweza kuonyesha leseni hana sababu ya kuwa wa kwanza kukimbilia polisi.

Wakati wa kukamatwa

Anayekukamata anatakiwa kukueleza sababu ya kukukamata. Hahitaji kukutajia kifungu cha sheria. Inatosha ujue ni jambo gani. Sharti hilo hulegea pale tu mtu anapokamatwa akitenda kosa lenyewe, au anapoleta vurugu kiasi kwamba maelezo hayawezekani. Nguvu isiyo ya lazima hairuhusiwi. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha.

Vijijini kwetu ukamataji mwingi hauanzi na polisi. Huanza na mgambo, na sungusungu, au na majirani wenye hasira. Raia anayemkamata mwenzake anawajibika kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Hana ruhusa ya kumweka ofisi ya kijiji usiku kucha akimhoji, wala ya kumtoza faini. Ndugu wa aliyekamatwa wafanye haraka kuhakikisha mtu wao amefika kituoni na jina lake limeandikwa katika kitabu cha mahabusu. Tunasisitiza jambo hili kuliko mengine kwa sababu mtu aliye kituoni, hata kama hali yake si njema, anajulikana alipo na saa zake zinahesabika. Wakuu wa wilaya na mikoa nao wanaweza kuamuru mtu awekwe kizuizini pale amani inapokuwa hatarini. Hapo kikomo ni saa 48, na baada ya hapo mtu hufikishwa mahakamani au huachiwa.

Vitu vinavyochukuliwa wakati wa upekuzi viandikwe. Askari anatakiwa kutoa hati ya vitu alivyovikamata, yenye saini yake, ya mwenye nyumba na ya mashahidi waliokuwapo. Shahidi bora ni mtu asiye na upande, kama vile mwenyekiti wa mtaa, balozi au jirani. Kwa simu, hakikisha hati inataja aina yake, namba tambulishi na laini zilizomo. "Simu moja nyeusi" haitoshi. Namba tambulishi huonekana kwa kubonyeza *#06#, na tunamshauri kila msomaji aiandike leo nyuma ya kijitabu hiki, kwa sababu siku simu itakapokuwa mezani kwa askari hutaweza kuibonyeza.

Saa nne na maelezo yako

Hapa ndipo penye uzito wa somo hili. Mtuhumiwa wa mara ya kwanza huamini kwamba kesi yake itaamuliwa na yale atakayomwambia hakimu. Kwa kiasi kikubwa huamuliwa na karatasi atakayosaini kituoni, kabla hajamwona hakimu yeyote.

Sheria imeweka muda wa msingi wa saa nne kwa polisi kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, zikihesabiwa tangu alipowekwa chini ya ulinzi kwa kosa hilo. Muda wa kusafirishwa kwenda kituoni na muda wa kumsubiri wakili au ndugu haumo katika hesabu hiyo. Muda wa mahojiano unaweza kuongezwa, lakini kwa utaratibu: afisa anayesimamia upelelezi anaweza kuongeza kwa kipindi kisichozidi saa nane, na zaidi ya hapo huombwa kwa hakimu. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila nyongeza halali yanaweza kukataliwa na mahakama. Ndiyo maana tunasema: tazama saa. Ikiwa umenyang'anywa simu na huna saa mkononi, uliza ni saa ngapi unapofika kituoni, na uulize tena mahojiano yanapoanza. Mwambie ndugu atakayekuja ayaandike yote mawili.

Kabla ya kukuhoji, afisa anatakiwa kukutajia jina na cheo chake, kukueleza unatuhumiwa kwa nini, na kukuonya kwamba hulazimiki kujibu swali lolote isipokuwa jina na anwani yako, na kwamba utakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Onyo hilo litolewe kwa lugha unayoimudu. Sharti hili lina maana yake mkoani Mara. Wako wazee wa Butiama wanaofikiri na kuota kwa Kizanaki, na wavuvi wa visiwani ambao Kiswahili chao ni cha sokoni tu. Kujua kusalimia na kuuza samaki kwa Kiswahili si sawa na kuelewa maana ya "nilipokea mali nikijua kuwa ni ya wizi". Anayesitasita aseme mapema kwamba anahitaji mkalimani. Asione aibu, aibu hiyo imewaponza wengi.

Unayo pia haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Wengi huidharau haki hii wakisema, "Mimi sina wakili." Sheria haikutaja wakili peke yake. Kaka, mke, shemeji au jirani anaweza kuitwa na kuwapo maelezo yanapoandikwa. Ombi hilo linaweza kukataliwa kwa muda ikiwa afisa ana sababu za msingi za kuamini kwamba mawasiliano yatamwezesha mshirika kutoroka au yataharibu ushahidi. Kwa mtu wa kawaida aliyekutwa na simu ya mitumba, sababu kama hizo ni nadra. Omba kwa sauti ya kusikika, na omba ombi lako liandikwe.

Swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: basi ninyamaze kabisa? Wapo wanaoshauri hivyo kwa kila hali. Sisi hatukubaliani nao moja kwa moja. Mtu aliyekutwa na mali iliyoibwa karibuni huweza kudhaniwa na mahakama kuwa ndiye mwizi au mpokeaji wa mali ya wizi, mpaka atoe maelezo yanayoweza kuwa kweli ya jinsi alivyoipata. Kijana wetu wa Nyasho mwenye risiti, au anayekumbuka kibanda, siku na bei, hufaidika kusema hivyo mapema, kwa sababu polisi wanaweza kwenda kukiangalia kibanda hicho siku hiyo hiyo. Akinyamaza kituoni na kuja kulisema kwa mara ya kwanza wakati wa utetezi, mwendesha mashtaka atauliza kwa nini hakulisema alipokuwa na nafasi. Mama wa Bunda naye ana jambo la kueleza: ni lini alisajili laini, nani alimsajili, na ni namba zipi anazozitumia yeye.

Lakini kueleza mahali ulipopata kitu ni jambo moja, na kujibu maswali kwa kubahatisha ni jambo jingine. Usikisie tarehe. Usiseme "labda". Usimtaje mtu kwa sababu tu umeambiwa kwamba ukimtaja utaachiwa. Kama hujui, sema hujui. Kama umechoka au unaumwa, sema hivyo na uombe iandikwe. Na ukiona swali limetoka katika lile uliloelezwa na kuingia katika jambo jingine kabisa, hapo nyamaza na umwombe ndugu au wakili.

Maelezo yakisha kuandikwa, unapaswa kusomewa au kuyasoma mwenyewe, na unayo nafasi ya kusahihisha, kuongeza au kufuta. Soma polepole. Askari anaandika kwa lugha ya kiaskari, na neno moja hubadili kesi: "nilinunua" si sawa na "nilipokea", na "nilikuwa nayo" si sawa na "niliificha". Penye kosa, kata na utie saini pembeni. Usisaini karatasi tupu, wala ukurasa wenye nafasi iliyoachwa chini. Asiyejua kusoma asomewe na mtu wake, kisha aweke dole gumba.

Na ikiwa umepigwa au umetishwa? Katiba imekataza mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama. Chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, ni upande wa mashtaka wenye wajibu wa kuthibitisha kwamba ungamo lilitolewa kwa hiari. Ukipelekwa mbele ya mlinzi wa amani, ambaye mara nyingi huwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, mweleze hali yako na umwonyeshe alama za mwilini. Huyo si askari, na kazi yake ni kuhakikisha unasema kwa hiari yako. Omba fomu ya polisi ya matibabu na uende hospitali. Kisha, siku hati ya maelezo itakapotolewa mahakamani kuwa kielelezo, pinga pale pale, kabla haijapokelewa. Mtuhumiwa asiye na wakili husubiri zamu yake ya kujitetea ndipo aseme alipigwa, na wakati huo hati imekwisha kuingia katika kumbukumbu.

Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Asihojiwe bila mzazi, mlezi au afisa ustawi wa jamii, na asichanganywe na watu wazima mahabusu.

Dhamana, na shauri lililotoka Musoma

Mtu aliyekamatwa bila hati, kwa kosa ambalo si la adhabu ya kifo, anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Pale ambapo hilo haliwezekani, mkuu wa kituo anatakiwa kulichunguza jambo lake na, isipokuwa kosa linaonekana kuwa zito, kumwachia kwa dhamana. Asiyeachiwa hufikishwa mahakamani mapema iwezekanavyo. Ijumaa jioni ndiyo saa mbaya kuliko zote, kwa hiyo ndugu wasingoje Jumatatu kuanza kushughulika.

Dhamana ni ahadi ya kurudi. Kiasi cha fedha kinachotajwa katika hati ya dhamana ya polisi hakilipwi siku ile. Hudaiwa tu ikiwa mtu hatarudi. Mdhamini huja na kitambulisho, na kwa kawaida huombwa barua ya serikali ya mtaa au kijiji chake. Basi ndugu wa kwanza aende kwa mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya mtendaji kabla ya kwenda kituoni, hasa kwa wanaoishi mbali na Musoma au Bunda mjini, ambao nauli ya kwenda na kurudi mara mbili ni mzigo. Hakuna ada ya dhamana. Anayedai "ya chai" au "ya mafuta ya gari" anadai rushwa, na namba ya TAKUKURU ya kupiga bila malipo ni 113. Tunajua kwamba kuipiga namba hiyo mtu wako akiwa ndani kunahitaji moyo. Angalau uliza jina la anayedai, na umwombe mkuu wa kituo akuandikie sababu ya dhamana kukataliwa. Mara nyingi ombi hilo peke yake hubadili mazungumzo. Fedha zinazoamriwa na mahakama kuwekwa kama dhamana hulipwa serikalini kwa namba ya malipo, na risiti yake hutunzwa kama hati ya shamba.

Wasomaji wa Mara wana sababu ya kujua kwamba mojawapo ya mashauri makubwa ya nchi hii kuhusu dhamana lilianzia Mahakama ya Wilaya ya Musoma. Mtu mmoja aliyeshtakiwa huko kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu alikuta kwamba sheria ya wakati huo ilimzuia hakimu kabisa kumpa dhamana. Aliomba Mahakama Kuu Mwanza, ambako Jaji Mwalusanya alikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Serikali ilikata rufaa, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali akiwamo, ilikubali kwamba kifungu kile hakiwezi kusimama. Kilikuwa kipana mno, na kilimnyima mtu uhuru wake bila kumpa nafasi ya kusikilizwa. Katika ripoti za sheria shauri hilo hujulikana kama Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Daudi Pete, na wanafunzi wa sheria wanalisoma hadi leo.

Lisieleweke vibaya, hata hivyo. Bunge lilirekebisha sheria, na hadi sasa yapo makosa yasiyo na dhamana, yakiwamo mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji wa fedha haramu na biashara ya dawa za kulevya. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba zuio hilo halivunji Katiba. Kwa hiyo jina la kosa lililoandikwa katika hati ya mashtaka lina maana kubwa. Wizi wa kawaida una dhamana. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna. Kujipatia fedha kwa udanganyifu kuna dhamana. Shitaka la utakatishaji likiongezwa juu yake, dhamana inafungwa. Sikiliza kila shitaka linaposomwa, si la kwanza tu.

Ikiwa mtu amekaa mahabusu siku kadhaa bila kufikishwa mahakamani, ndugu wanaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake. Zamani njia hiyo ilikuwa na maana ya safari ya Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kwa basi. Sasa Mahakama Kuu ipo Musoma.

Siku ya kwanza mahakamani

Mashtaka husomwa, nawe huulizwa kama ni kweli au si kweli. Swali hili hujibiwa kwa neno moja, na ni neno ambalo watu wa mara ya kwanza hulitoa kwa wepesi wa kutisha. Mahabusu huambiana kwamba ukikiri utapigwa faini ndogo na kurudi nyumbani. Yawezekana. Lakini anayekiri kosa hutiwa hatiani papo hapo, na sheria humzuia kukata rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Hubaki na nafasi ya kulalamikia adhabu tu, labda athibitishe kwamba kukiri kwake hakukuwa kamili au hakuelewa mashtaka. Usikiri kosa ili kuokoa siku mbili. Kama ulitenda sehemu tu ya yale yaliyosomwa, sema hivyo, na hakimu mwangalifu ataandika kwamba umekana.

Lugha ya mahakama ni Kiswahili tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, na mkalimani hutolewa kwa asiyekielewa. Omba nakala ya hati ya mashtaka. Andika namba ya kesi, jina la hakimu na tarehe ya kurudi. Katika mahakama za chini, kesi ya aliye rumande haipaswi kuahirishwa kwa zaidi ya siku 15 kwa mara moja. Aliye nje kwa dhamana asikose tarehe hata moja; akiugua, mdhamini apeleke cheti cha hospitali siku ile ile, si baada ya hati ya kumkamata kutolewa.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria walioandikishwa, na huduma yao ni bure. Anayekudai fedha hatimizi sheria hiyo. Ofisi ya maendeleo ya jamii katika halmashauri yako, iwe Musoma, Bunda au Butiama, ndiyo mahali pa kuulizia waliopo karibu. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyoanza mwaka 2023 nayo imekuwa ikipita mikoani. Msaidizi wa kisheria si wakili na hawezi kukusimamia mahakamani, ila anaweza kukusomea hati, kukuandikia barua, na kumpata wakili wa kujitolea kabla ya tarehe yako. Katika mashauri mazito, hakimu au jaji anaweza kuagiza mtuhumiwa apewe wakili kwa ajili ya haki kutendeka, mwombe.

Unapoachiwa

Mtu akiachiwa bila kufunguliwa mashtaka, au kesi ikifutwa, hajatiwa hatiani kwa lolote. Mwajiri anayemfukuza mtu kwa sababu tu "alilala ndani" hajui kwamba Katiba inamhesabu mtu huyo kuwa hana hatia. Omba nakala ya uamuzi wa mahakama uliokuachia, au barua ya kituo ikiwa hukufikishwa mahakamani, uiweke pamoja na hati ya vitu vilivyokamatwa. Kwa hati hizo mbili ndipo unaporudi kudai simu yako.

Kijana wa Nyasho atakuta kikwazo kimoja. Kama simu ilikuwa ya wizi kweli, haitarudi kwake hata akiwa hana hatia. Mwizi hawezi kumpa mtu umiliki asiokuwa nao, na mwenye mali ataichukua. Anachobaki nacho ni madai dhidi ya aliyemuuzia, na madai hayo yana nguvu ikiwa anayo risiti, au ujumbe wa malipo ya simu unaoonyesha jina na namba ya muuzaji. Kabla ya kununua nyingine, atume namba tambulishi kwenda 15090 kuhakiki simu hiyo, kisha adai risiti yenye namba hiyo.

Mama wa Bunda apige *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Ile asiyoitambua aende kuifungisha katika duka la mtandao husika akiwa na kitambulisho, aombe uthibitisho wa maandishi wenye tarehe, na nakala yake aipeleke kwa mpelelezi aliyemhoji.